Kabla ya kununua kabati, piga magoti

Katika ukurasa huu tumekwisha kuzungumza mara nyingi juu ya chanjo, maji safi, malaria na lishe. Leo naomba tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu hatukihesabu kuwa ni cha afya, yaani samani za nyumbani: meza, viti, makochi, vitanda na makabati. Mtu akitaka kabati humwendea fundi seremala, hamwendei muuguzi. Lakini mimi nimefanya kazi katika wodi ya watoto kwa miaka mingi, na naweza kusema kwamba muuguzi hukutana na kazi za seremala mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mtoto aliyeungua kwa chai, mtoto aliyepasuka paji la uso, mtoto aliyevunjika mkono: ukiwauliza wazazi ilikuwaje, jibu mara nyingi huanza na meza, kitanda au kiti.

Naanza na habari ya nyumbani kwangu mwenyewe. Mwaka 2019 ilifika zamu yangu katika mchezo wa fedha tunaochezana wauguzi, nikaamua kununua kabati la sebuleni. Lilikuwa refu kuliko mimi, lina vioo juu, nafasi ya televisheni katikati na droo nne chini. Wanajumuiya walipokuja kusali kwangu wiki ile, kila aliyeingia alilisifu, nami nilifurahi. Wiki tatu baadaye mjukuu wangu, mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi kumi, alivuta droo ya chini, akaipanda, kisha akavuta ya pili ili aifikie rimoti. Kabati likamwangukia. Mimi nilikuwa jikoni, hatua sita tu kutoka pale.

Televisheni ilipita kando ya kichwa chake, ndiyo maana yu hai. Ubao wa kabati ulimvunja mfupa wa paja. Alilazwa katika wodi ninayofanyia kazi, miguu yote miwili ikining'inizwa juu kwa bandeji na uzito, kama tunavyowafanyia watoto wadogo waliovunjika paja. Alikaa hivyo kwa wiki tatu. Kila asubuhi nilipopita na dawa alininyoshea mikono nimtoe kitandani, nami sikuweza kumtoa.

Watu walinifariji wakisema, "Ajali haina kinga." Niliwashukuru, lakini moyoni nilijua kwamba ile ilikuwa na kinga. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwafundisha akina mama kliniki jinsi ya kuwalinda watoto wao, na siku ile niliyolilipia kabati sikumfikiria mtoto hata mara moja. Niliwafikiria wageni.

Hapo ndipo lilipo kosa la wengi wetu. Sebule tunaipanga kwa macho ya mgeni, ambaye huja mara moja kwa mwezi na kukaa saa moja. Mtoto mdogo anaitumia sebule hiyo kila siku, tangu asubuhi mpaka usiku, naye haketi alipoambiwa. Hutambaa chini ya meza, hujivuta kwa kitambaa, hupanda droo, hutafuna ukingo wa kitanda. Hivyo basi, kabla ya kuuliza bei ya kitu, mzazi ajiulize: mtoto wangu atakifanyia nini kitu hiki?

Mjue mtoto wako kwanza

Mtoto hubadilika haraka, na hatari za nyumbani hubadilika pamoja naye. Akifika miezi minane au tisa wengi hutambaa. Karibu na miezi kumi hujishika kwenye kiti au meza na kusimama. Akiwa na mwaka na miezi michache hutembea, na kabla ya kutimiza miaka miwili huanza kupanda. Mzazi anayesema "mwanangu hafiki pale" husema kweli ya wiki iliyopita.

Chukua futi ya fundi upime. Meza ya kulia chakula kwa kawaida ina kimo cha sentimita 75 hivi. Mtoto wa mwaka mmoja naye ana kimo cha sentimita 75 hivi. Maana yake ni kwamba akisimama kando ya meza hawezi kuona kilicho juu yake, lakini akiinua mkono vidole vyake vinavuka ukingo na kushika chochote kilicho karibu: kikombe, kisu au sahani ya mchuzi. Anachukua asichokiona. Akitimiza miaka miwili anakuwa na sentimita 86 hivi, na sasa anaona pia.

Jambo la pili ni kichwa chake. Kichwa cha mtoto mdogo ni kikubwa na kizito ukilinganisha na mwili wake, kwa hiyo akianguka mara nyingi hutangulia kichwa. Meza fupi ya sebuleni yenye kona kali iko mahali hasa ambapo uso wa mtoto anayejifunza kutembea hupita anapoanguka.

Kwa sababu hiyo nawaomba wazazi wafanye zoezi moja rahisi. Pigeni magoti katikati ya sebule, kisha tambaeni mpaka mlangoni. Mtaona misumari iliyochomoza chini ya meza, waya wa televisheni unaoning'inia, chupa ya mafuta ya taa nyuma ya kochi na kona ya meza ikiwatazama machoni. Mimi nilifanya zoezi hilo baada ya mjukuu wangu kuumia. Ningalilifanya wiki tatu kabla.

Makabati, droo na televisheni

Kabati refu lenye droo husimama vizuri droo zikiwa zimefungwa. Droo mbili au tatu zikivutwa kwa pamoja, uzito huhamia mbele, na mtoto akikanyaga ile ya chini huongeza uzito wake palepale. Hata mtoto wa kilo kumi anaweza kuliangusha kabati ambalo mtu mzima hulisukuma kwa shida.

Jambo hili si la kwetu tu. Mwezi Juni mwaka 2016 kampuni ya IKEA, yenye asili ya Sweden, iliyaondoa sokoni nchini Marekani makabati ya droo yapatayo milioni 29 baada ya watoto kadhaa kufa kwa kuangukiwa. Wateja waliambiwa wayarudishe au wapewe vifaa vya kuyafunga ukutani. Mwishoni mwa mwaka 2022 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kutaka makabati ya nguo yapimwe kabla ya kuuzwa, ili yasimame hata mtoto wa kilo 27 akiyapanda. Sisi tunaonunua kando ya barabara kwa fundi hatuna mpimaji. Kwa hiyo mpimaji awe mnunuzi mwenyewe.

Kipimo chenyewe ni hiki. Kabati likiwa tupu, vuta droo zote nje kwa pamoja, kisha kandamiza ile ya chini kwa mkono, taratibu, huku mwenzako amelishika juu. Likiinama, usilinunue hivyo lilivyo. Mwombe fundi alitengeneze fupi na pana zaidi chini, na kila droo awekewe kizuizi ili isichomoke yote.

Kabati lolote linalomzidi mtoto kimo lifungwe ukutani. Kwa nyumba ya matofali, fundi aweke vipande viwili vya chuma vilivyopinda, kimoja kila upande kwa juu, na skrubu zinazoingia ukutani barabara. Kwa nyumba ya tope, lifungwe kwa waya mnene kwenye nguzo ya nyumba, si kwenye udongo. Vitu vizito vikae droo za chini. Rimoti, biskuti na vitu vya kuchezea visiwekwe juu ya kabati kamwe, kwa maana ndivyo vinavyompandisha mtoto.

Televisheni za siku hizi ni bapa na nyepesi upande wa chini, huanguka kwa kusukumwa kidogo. Yafaa itundikwe ukutani au iwekwe juu ya meza fupi na pana, nayo ifungwe. Isiwekwe juu ya kabati la droo wala juu ya kitambaa kinachoteleza.

Meza, kitambaa na chupa ya chai

Akina mama wenzangu, najua mtanilaumu, lakini lazima niseme: vitambaa vyetu vizuri tulivyovifuma kwa mikono yetu vimeunguza watoto. Mtoto anayejifunza kusimama hushika kinachoning'inia. Akivuta pindo la kitambaa, chupa ya chai, vikombe na bakuli la uji humfuata. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko ya mtu mzima, na chai ambayo wewe unaipuliza ukanywa inaweza kumwachia yeye kovu la maisha kifuani na shingoni.

Mpaka mtoto wa mwisho atimize miaka mitatu au minne, meza ikae bila kitambaa kinachoning'inia. Ukipenda urembo, tumia kidogo cha katikati kisichofika ukingoni. Chupa ya chai na sufuria ya moto viwe katikati ya meza, mbali na ukingo, na asiwepo mtu anayekunywa chai huku amempakata mtoto.

Wakati wa kuchagua meza yenyewe, tazama mambo matatu:

1. Kona. Mwambie fundi azizungushe na kuzipiga msasa. Ni kazi ya dakika chache, na mafundi wengi hawaongezi bei ukisema mapema. Meza ya duara ni nzuri zaidi.

2. Miguu. Iwe minne, imara, na iwe pembeni. Meza ya mguu mmoja wa katikati hupinduka mtoto akining'inia ukingoni.

3. Kioo. Kioo cha kawaida kikipasuka hutoa vipande virefu vikali kama visu. Kioo kilichoimarishwa kwa moto hupasuka vipande vidogo vidogo visivyochoma sana, na mara nyingi huwa na alama ndogo ya kiwanda kwenye kona. Muulize muuzaji akuonyeshe. Kama hawezi kukuonyesha, chukua meza ya mbao. Mtoto mdogo huipanda meza fupi, hukaa juu yake na hata kuruka.

Viti na makochi

Kiti cha plastiki ni cha bei nafuu, lakini kikikaa juani miguu yake hukakamaa na kupasuka ghafla. Kabla ya kununua, kiweke kwenye sakafu tambarare, kaa, yumba pande zote. Mguu ukitanuka, kiache. Nyumbani, kiti chenye ufa kisifungwe kwa waya na kupewa watoto kwa kuwa wao ni wepesi. Mtoto haketi tu, husimama juu yake.

Kochi zuri kwa nyumba yenye watoto ni fupi, fremu yake imefunikwa vizuri, na kitambaa chake kinavulika ili kifuliwe. Chunguza chini na nyuma yake: mara nyingi misumari na waya vimeachwa nje kwa kuwa mgeni haoni. Kochi au kitanda kisiwekwe chini ya dirisha lisilo na nondo, hasa kwa wale wanaoishi ghorofani.

Tena, kochi si kitanda cha mtoto mchanga. Mama akichoka, akaketi kwenye kochi laini ananyonyesha na usingizi ukamchukua, mtoto anaweza kubanwa kati ya mwili wa mama na egemeo akakosa hewa. Ukihisi usingizi, ni heri uhamie kitandani.

Kuna pia vile vigari vya magurudumu ambamo mtoto huketi na kusukuma kwa miguu. Wazazi huvinunua wakidhani vitamfundisha kutembea. Havimfundishi, bali humpa mwendo wa kasi kabla hajawa na akili ya kusimama, akafika jikoni kwenye jiko la mkaa au kwenye ngazi. Nchi ya Kanada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004. Fedha hiyo nunua mkeka safi. Mtoto atajifunza kutembea akiwa chini.

Vitanda

Kitanda cha mtoto mchanga chenye vijiti pembeni kiwe na nafasi ndogo kati ya kijiti na kijiti. Nafasi ikiwa kubwa, mwili hupita na kichwa hukwama. Marekani ilipanga tangu mwaka 1973 kwamba nafasi hiyo isizidi sentimita 6. Kama huna futi, chukua kopo la soda: likipita kati ya vijiti, kitanda hicho hakifai. Vile vitanda ambavyo upande mmoja hushuka na kupanda navyo viepukwe. Marekani ilivipiga marufuku mwaka 2011 baada ya watoto kubanwa. Vinaweza kufika kwetu kama mitumba, basi tuwe macho.

Godoro liwe gumu kiasi na lijae kitandani. Vidole viwili vikiingia kwa nafasi kati ya godoro na ubao, hapo ndipo mtoto atabanwa. Mtoto mchanga alazwe chali, bila mito wala blanketi zito usoni. Uingereza ilianza kuwafundisha wazazi hivyo mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa nusu au zaidi.

Huku kwetu kitanda lazima kifikiriwe pamoja na chandarua. Mwambie fundi aweke nguzo nne au fremu juu, ili chandarua kikae wima na kisimwangukie mtoto usoni, na godoro liwe refu na pana vya kutosha kuchomekea pindo lake. Kagua kingo zote kwa kiganja: msumari mmoja uliochomoza utachana chandarua, na mbu hahitaji tundu kubwa.

Mtoto aliyeacha kulala na mama hahitaji kitanda kirefu cha fahari. Kitanda cha kimo cha sentimita 30 hivi kinamtosha. Akianguka atalia kidogo na kulala tena. Vitanda vya ghorofa, vinavyoitwa dabo deka, husaidia palipo na chumba kimoja na watoto wengi, lakini cha juu kisipewe mtoto aliye chini ya miaka sita. Kiwe na ubao wa kuzuia pande zote mbili na ngazi iliyofungwa imara.

Mbao, rangi na dawa

Nchini kwetu tumebarikiwa mbao. Mninga na mkongo ni ngumu na hudumu, ingawa bei yake imepanda. Msaji wa mashamba kama Mtibwa na Longuza ni mzuri na haupindi ovyo. Paini ya Sao Hill ni nyepesi na nafuu, lakini ichaguliwe iliyokauka, yenye vifundo vichache, nayo ipigwe msasa sana kwa kuwa hutoa vibanzi. Kwa meza fupi, uzito wa mbao ngumu ni faida, haipinduki. Kwa kabati refu, uzito huohuo ni hatari likianguka.

Jihadharini na jambo moja. Mbao za kuezekea zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa mara nyingi huwa na rangi ya kijani hafifu. Dawa iliyozoeleka kwa mbao hizo ina shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Viwanda vya Marekani viliacha kuitumia kwa mbao za majumbani mwishoni mwa mwaka 2003. Mabaki ya mbao hizo yasitengenezwe kitanda cha mtoto wala kigoda, na wala yasitumiwe kuni za kupikia, maana moshi na majivu yake yana sumu hiyohiyo. Fundi akikuletea kitanda cha bei ya chini sana, muulize mbao zimetoka wapi.

Mtoto anayeota meno hutafuna ukingo wa kitanda. Rangi yenye madini ya risasi humeng'enyuka mdomoni mwake na kuingia mwilini. Madini hayo hudhuru ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa ni salama. Nunua rangi ambayo kopo lake limeandikwa kuwa haina risasi, na samani kuukuu yenye rangi inayobanduka usimpe mtoto. Usiikwangue ndani ya nyumba, kwa kuwa vumbi lake ni baya zaidi. Kitu kilichopakwa vanishi kikae barazani penye hewa mpaka harufu iishe kabisa, ndipo mtoto alazwe humo.

Kuhusu kunguni, chagua kitanda kisicho na nyufa nyingi, na wakiingia tumia maji ya moto, jua kali na subira, tena mtoto akiwa mbali. Dawa za shambani zisipuliziwe kitandani. Tumekwisha kupokea watoto walioletwa wakitokwa mate na kutetemeka kwa sababu ya dawa ya pamba au ya mahindi iliyopuliziwa godoro.

Masanduku, friji mbovu na mbuzi ya nazi

Sanduku la nguo lenye kifuniko kizito huangukia vidole na hata shingo ya mtoto aliyeinama kutafuta kitu. Liwe na kufuli, au kifuniko kiondolewe. Friji mbovu ambayo baadhi yetu huitumia kama kabati la vyombo iondolewe mlango kabisa, na friza vivyo hivyo. Mtoto akijificha humo na mlango ukajifunga hewa humwishia, wala sauti yake haisikiki nje. Watoto wengi walikufa hivyo Marekani, hata mwaka 1956 ikatungwa sheria ya kutaka milango ya friji ifunguke kwa ndani. Mbuzi ya kukunia nazi nayo ni kiti, tena kiti chenye meno, na meno yake yako kwenye kimo cha macho ya mtoto anayetambaa. Ukimaliza kukuna itundike juu ukutani, meno yaelekee ukuta.

Kila nyumba iwe na kabati dogo moja lenye kitasa, lililo juu, la kutunzia dawa, mafuta ya taa, dawa za wadudu na viwembe. Ikiwa fedha inatosha kitu kimoja tu mwaka huu, napendekeza hicho kitangulie kochi.

Kama huna fedha ya kununua vipya

Baba mmoja aliniambia, "Sista, hayo ni ya wenye uwezo." Nilimjibu kwamba mengi ya haya hayana gharama. Kuondoa kitambaa mezani ni bure. Kushusha rimoti na biskuti kutoka juu ya kabati ni bure. Kona kali hufunikwa kwa vipande vya kandambili iliyochakaa, vikagundishwa kwa gundi imara. Kipande cha msasa na waya wa mita mbili havimshindi mtu aliyeweza kununua kabati. Na dada wa kazi, babu, bibi na watoto wakubwa waelezwe pia, kwa sababu wao ndio wanaoshinda na mtoto.

Akiumia

Akiungua, mvue nguo zenye maji ya moto zisizonata, kisha mwagie maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, huku ukimfunika sehemu nyingine asipatwe na baridi. Usipake dawa ya meno, yai, unga wala mafuta. Funika kidonda kwa kitambaa safi umpeleke hospitali.

Akianguka au kuangukiwa, na kiungo kikavimba au akashindwa kukitumia, usimkande wala usimchue. Funga kiungo kwenye kibao laini bila kukinyoosha na umlete. Akiwa ameumia kichwa, mlete upesi ukiona anatapika tena na tena, anasinzia kupita kawaida, anadegedeka, au anatokwa damu au maji masikioni au puani. Msisubiri asubuhi.

Mjukuu wangu sasa ni mwanafunzi wa shule ya msingi, na anakimbia kuliko wenzake. Lile kabati sikuliuza. Nilimwita fundi alikate, likawa makabati mawili mafupi, yote yamefungwa ukutani, na televisheni imetundikwa. Wanajumuiya walipokuja tena, mmoja aliuliza kwa nini nimeliharibu kabati zuri namna ile. Nilimwomba apige magoti pale sakafuni, alitazame kutoka chini. Baada ya muda kidogo aliinuka, hakuniuliza tena. Jumapili iliyofuata alinisimamisha baada ya Misa akaniomba niwatume kwake yule fundi na skrubu zake.